Chumbe, Jongoo na Kivuli cha Adhuhuri

Mtoto wa Unguja anaweza kumaliza shule ya msingi akiwa amekula samaki wa mwambani maisha yake yote, amelala katika nyumba iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale na kupakwa chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo hayo, lakini hajaliona hata mara moja tumbawe lililo hai. Jambo hilo lilimshughulisha Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi za maendeleo Tanzania, alipoanza mwaka 1991 kutafuta njia ya kukihifadhi kisiwa cha Chumbe. Shuleni miamba ya matumbawe ilikuwa haifundishwi. Safari za kimasomo zilikuwa adimu. Na watoto wengi, hasa wa kike, walikuwa hawajui kuogelea ingawa bahari imewazunguka pande zote.

Chumbe ni kisiwa kidogo kilichoko kilomita zipatazo 12 kusini magharibi mwa Mji Mkongwe. Kina mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1904, msikiti mdogo wa zamani, na msitu ulioota juu ya jiwe tupu. Mwamba wa upande wake wa magharibi haukuvuliwa sana kwa miaka mingi, kwa sababu uko kando ya njia ya meli ziendazo bandarini. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza mwamba huo na msitu kuwa hifadhi, na uendeshaji wake ukakabidhiwa kampuni binafsi ambayo lengo lake si faida. Watalii wachache hulala katika vibanda 7 vilivyojengwa ufukweni. Fedha wanazolipa ndizo zinazowalipa walinzi wa hifadhi, na ndizo zinazowawezesha wanafunzi wa shule za Zanzibar kufika kisiwani bila kulipa nauli.

Wanaowaongoza wanafunzi ni walinzi ambao wengi wao walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani kabla ya kufundishwa kazi hii. Uamuzi huo umezaa matunda makubwa kuliko inavyoonekana mara moja. Mvuvi wa zamani hamwiti samaki kwa jina la kitabuni. Anamjua pono kwa mdomo wake mgumu na anajua chewa hujificha wapi. Akieleza kwamba pono humega jiwe la mwamba ili ale mwani ulioota juu yake, kisha hulitoa jiwe hilo likiwa limesagika, mtoto anafahamu kwamba sehemu ya mchanga mweupe anaochezea ufukweni imepita tumboni mwa samaki. Hapo kuna somo la sayansi, la jiografia na la lugha kwa wakati mmoja, na hakuna aliyelazimika kuandika ubaoni.

Somo la baharini huanzia kwenye maji mafupi. Watoto huvaa miwani ya kuzamia, huuma mrija wa kupumulia, hushika boya, na huzoea kuinamisha uso majini kabla ya kwenda kwenye mwamba wenyewe. Huko kuna aina zaidi ya 200 za matumbawe na zaidi ya 400 za samaki. Kile ambacho watu wengi hukidhani kuwa ni jiwe lenye rangi ni maelfu ya vijinyama laini vinavyoishi pamoja, kila kimoja kikijijengea kikombe cha chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Maji yakipata joto kupita kiasi, ushirika huo huvunjika, mwani hutolewa, na tumbawe hubaki jeupe. Ndivyo ilivyokuwa katika bahari nyingi za joto duniani mwaka 1998, na tena mwaka 2016. Mtoto aliyesoma darasani kwamba mabadiliko ya tabianchi yana madhara hapa anayaona madhara yenyewe yanaanzia wapi.

Msituni nako kuna maswali. Miti inapata wapi maji katika kisiwa kisicho na mto wala kisima? Kwa nini kaa mkubwa anayepanda minazi, ambaye ndiye mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu, bado yuko Chumbe kwa wingi wakati mahali pengine ametoweka? Paa nunga, mmoja wa swala walio hatarini barani Afrika, aliletwa kisiwani apate kimbilio. Hata vibanda vya wageni ni somo: paa pana hukusanya maji ya mvua na kuyapeleka kwenye tangi lililo chini ya sakafu, umeme hutoka juani, na choo hakitumii maji bali hugeuza kinyesi kuwa mboji.

Uzuri wa Chumbe si siri, lakini thamani yake kwa shule iko kwenye maandalizi. Walimu hupewa semina, kuna vijitabu vya kufundishia, na mtoto anakwenda akiwa na jambo la kutafuta. Safari nyingi za shule hazina hilo. Basi linakodiwa, watoto wanaimba njia nzima, wanatembezwa haraka, wanakula, wanapigwa picha, na kesho yake mwalimu anaendelea na mada ya jana kama vile hakuna kilichotokea. Furaha ile ni haki ya watoto na hakuna wa kuwanyima. Ila somo ni kitu kingine. Somo linahitaji swali kabla ya kutoka, kipimo au mchoro wakati wa kuwa nje, na daftari kufunguliwa baada ya kurudi.

Na masharti hayo matatu hayahitaji boti.

Chukua kijiti kilichonyooka chenye urefu wa mita 1, kisimike wima katikati ya uwanja wa shule, na watoto waweke kokoto kwenye ncha ya kivuli chake kila baada ya nusu saa. Kivuli kitafupika, kisha kitaanza kurefuka tena upande wa pili. Kile kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri, nacho kinawaonyesha kaskazini na kusini bila dira. Wakirudia zoezi hilo mara moja kila mwezi, watagundua jambo ambalo watu wazima wengi wa pwani hawajawahi kulizingatia. Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini, na miezi iliyobaki huelekea kusini. Mwezi Juni kivuli cha kijiti hicho hufika kama sentimita 57, Desemba kama sentimita 31. Na mara mbili kwa mwaka, pale jua linapopita utosini, kivuli hupotea kabisa chini ya kijiti. Watoto wa Unguja wengi huanza chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kabla au sambamba na shule. Huko wanafundishwa kwamba wakati wa Alasiri, kwa madhehebu ya Shafii, huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake baada ya kuongeza kile cha adhuhuri. Mwalimu wa hisabati anayelijua hilo ana mlango wa kuingilia ambao hakuna kitabu cha kiada kinachoweza kumpa.

Kijiti hicho hicho kinapima miti. Kama kivuli chake ni sentimita 80 na cha mwembe ni mita 8 kwa wakati huo huo, basi mwembe una mita 10. Uwiano, mada inayowatoa jasho wanafunzi wengi, unakuwa kitu cha kutembelea na kugusa. Watoto hubishana kabla ya kupima, na ubishi huo ni sehemu ya hesabu.

Kuna zoezi jingine ambalo gharama yake ni kamba na vijiti vinne. Watoto hutengeneza mraba wa mita 1 kila upande, mmoja chini ya mti na mwingine kwenye njia inayokanyagwa na wanafunzi kila siku. Wanahesabu aina za majani, sisimizi, mashimo ya wadudu, mbegu zilizoanguka. Wanachimba kidogo na kulinganisha rangi na unyevu wa udongo. Takwimu wanazochorea grafu ni zao wenyewe, na anayekosea anaweza kurudi nje akahesabu upya. Pwani, zoezi hilo hufanywa maji yakipwa. Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa Zanzibar wakati wa bamvua hukaribia mita 4, na kila siku kupwa huchelewa kwa takriban dakika 50. Mtoto ambaye mama yake analima mwani Paje au Jambiani anaijua ratiba hiyo kuliko mwalimu aliyehamishiwa hapo kutoka Tabora. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989 na kimekuwa kazi ya wanawake hasa. Mwalimu akimwalika mmoja wao aje kueleza kwa nini mwani hufa maji yakipata joto, amepata msaidizi anayezungumza kwa mamlaka ya mtu aliyepoteza mavuno.

Mombasa kuna mfano ambao kila mwalimu wa pwani ya Kenya anaufahamu, hata kama hajawahi kuutumia kikamilifu. Huko Bamburi, kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya chokaa hadi ardhi ikabaki jangwa jeupe lenye joto kali na maji ya chumvichumvi karibu na uso. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu kuotesha miti humo. Aina 26 zilijaribiwa. Chache tu ziliishi, na mvinje ukawa wa kwanza kwa mafanikio. Hata hivyo tatizo jipya likajitokeza: majani yake membamba yalianguka yakarundikana, lakini hayakuoza, kwa hiyo udongo haukutengenezeka. Jawabu likatoka kwa jongoo. Haller aliona kwamba jongoo wenye miguu myekundu huyala majani hayo, akawaleta kwa wingi, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park, pana msitu, mabwawa, twiga na viboko, na wanafunzi hupelekwa huko mara kwa mara.

Wengi wao hurudi wakisimulia viboko. Ni haki yao, kiboko ni mnyama wa kusimuliwa. Lakini hazina ya mahali pale ni jongoo, na jongoo yuko katika kila uwanja wa shule kuanzia Kilifi hadi Songea. Darasa linaweza kujaza ndoo mbili majani makavu, moja ikawekwa jongoo na nyingine ikaachwa hivyo hivyo, zote zikanyunyiziwa maji kiasi kilekile, kisha zikapimwa kila wiki kwa muda wa muhula. Hilo ni jaribio halali la kisayansi: kuna kitu kinachobadilishwa, kuna kinachobaki vilevile, na kuna matokeo yanayosubiriwa kwa hamu. Na anayeendesha jaribio ni mtoto wa darasa la nne.

Afrika Mashariki haikosi historia katika jambo hili. Vilabu vya wanyamapori vya Kenya vilianza mwaka 1968, na waliovianzisha walikuwa wanafunzi wenyewe. Mwaka 1991 Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alikutana nyumbani kwake Dar es Salaam na wanafunzi 12, na kikao hicho kikazaa mtandao wa vilabu uitwao Roots & Shoots, ulioenea hadi nchi nyingi duniani. Vilabu vimewalea watu wengi ambao leo ni walinzi wa misitu, watafiti na waongoza watalii. Upungufu wa vilabu hivyo ni mmoja: huwapata wale tu wanaojiunga, baada ya masomo, palipo na mwalimu mwenye moyo. Somo la ratiba humfikia kila aliyeketi kwenye dawati.

Kabla ya vilabu vya Dar es Salaam kulikuwa na Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Mwalimu Nyerere wa Machi 1967. Watu wengi huukumbuka kwa mashamba ya shule, lakini alichokusudia kilikuwa kipana zaidi. Shamba lilipaswa kuwa sehemu ya masomo: mbolea ielezwe katika kipindi cha sayansi, kisha wanafunzi waone shambani inafanya nini na inashindwa wapi, washiriki kupanga, na wayaone matokeo ya uamuzi wao. Katika shule nyingi kilichobaki ni jembe. Swali lilitoweka, kazi ikabaki, na baadaye kazi ikageuka adhabu. Mchelewaji hupewa eneo la kufyeka. Mpiga kelele hung'oa visiki. Mtoto anayefundishwa kwa miaka yote ya shule ya msingi kwamba ndani ndiko kwa elimu na nje ndiko kwa adhabu hawezi kulaumiwa akikua akiona mti kama usumbufu. Hili ndilo linalopaswa kurekebishwa kwanza, na halihitaji bajeti. Mwalimu mkuu anaweza kuliamua leo: nje hakuna tena adhabu.

Faida za somo la nje zimepimwa. Mwaka 2018 Ming Kuo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha utafiti uliowafuatilia watoto wa miaka 9 hadi 10 kwa majuma 10. Walimu wawili walifundisha vipindi vya dakika 40, vingine ndani na vingine nje kwenye nyasi, kisha watafiti wakaangalia kipindi kilichofuata darasani. Baada ya somo la ndani mwalimu alilazimika kukatiza na kuwarudisha watoto kwenye somo kila baada ya dakika 3.5. Baada ya somo la nje alifundisha kama dakika 6.5 bila kukatiza. Yaani watoto waliotoka nje hawakurudi wakiwa wamevurugika, kama walimu wengi wanavyohofia. Walirudi wametulia. Mjini Guangzhou, China, shule 6 za msingi ziliongeza dakika 40 za shughuli za nje kila siku na nyingine 6 zikaendelea kama kawaida. Baada ya miaka 3, kama matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yanavyoonyesha, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4 katika shule za kwanza na asilimia 39.5 katika zile za pili. Wataalamu wengi wanaamini mwanga mkali wa nje huzuia jicho kurefuka kupita kiasi. Kwa mtoto wa mjini anayeishi ghorofani na kushinda na simu ya mzazi, hiyo si habari ya mbali.

Vikwazo vipo, na ni vya kweli. Mwongozo wa Tanzania unataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini madarasa mengi yamepita hapo mbali. Hakuna mwalimu anayeweza kuwatoa watoto 90 kwa pamoja akategemea kusikika. Wanaofaulu hugawa: nusu wanachora au kuandika ndani, nusu wako nje na viranja wao, kisha wanabadilishana. Huanza na dakika 15. Huukagua uwanja kwanza, wakang'oa upupu, wakatafuta viota vya manyigu, wakajua palipo na mashimo. Huweka mipaka inayoonekana, na ishara moja ya kurudi, filimbi au kengele. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu hupangiwa eneo ambalo kiti kinapita, na kundi zima linafanya kazi hapo pamoja naye.

Wazazi nao wana wasiwasi wao. Baadhi huona mtoto akirudi na udongo kwenye sare wakadhani siku imepotea. Kikao kimoja cha wazazi, watoto wakionyesha grafu zao na kueleza jinsi walivyopima mwembe, humaliza ubishi mwingi. Kuhusu bahari, hofu ya kuzama ni ya haki, na jawabu lake ni kufundisha kuogelea, kwa mavazi yanayowastiri wasichana na wakufunzi wanaoaminika, kama inavyofanyika sehemu kadhaa za Zanzibar.

Hoja ya mitihani, kwamba somo la nje hula muda wa kujiandaa nayo, ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote, na sasa imeanza kupungua uzito. Kenya ilifanya mtihani wake wa mwisho wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, mwaka 2023 baada ya kuhamia Mtaala wa Umilisi, ambao unatarajia mtoto aonyeshe anachoweza kufanya. Tanzania Bara ilianza mwaka 2024 kutekeleza kwa awamu mtaala ulioboreshwa unaosisitiza umahiri. Mitaala yote miwili inafungua mlango. Kinachokosekana ni mwalimu kuzoeshwa kuupita. Mwanachuo wa ualimu hupimwa akiwa mbele ya ubao. Anapaswa kupimwa pia akiwa chini ya mwembe na wanafunzi 40 wanaozunguka, kwa sababu huo ni ujuzi wa aina yake na haupatikani kwa kusomewa.

Halmashauri nazo zina la kufanya. Fungu dogo la nauli katika bajeti ya elimu ya wilaya lingeiwezesha kila shule kufika mara moja kwa mwaka kwenye msitu wa Jozani kwa walio Unguja, mikoko ya jirani, au mto ulio karibu, bila kuwachangisha wazazi na kuwaacha nyumbani watoto wasio na fedha. Wathibiti ubora wa shule wanapokagua andalio la somo wangelihesabu darasa walilolikuta uwanjani kuwa darasa kamili. Ushahidi wanaoutaka wataupata kwenye daftari za wanafunzi: tarehe, saa, urefu wa kivuli, idadi ya sisimizi katika mraba, na jina la mtoto aliyepima.